Simu Iko Sawa, Haji

Kwenye banda letu la tairi pale Bwera, upande wa Uganda, gari lililotaka kuvuka mpaka kuingia Kongo lilivuliwa viatu kwanza. Ndivyo tulivyosema wenyewe. Tairi nzuri, zile za lami, zilitolewa pamoja na ringi zake na kupangwa nyuma ya banda juu ya mbao. Kisha gari likavishwa tairi kuukuu ambazo zilikwisha kuzoea matope. Likirudi baada ya siku mbili tatu tulivua zile za matope na kulirudishia zake. Wageni walitucheka kwa hilo, lakini hata kwetu mtu mwenye viatu vya kanisani haingii navyo shambani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na sikuwa msemaji. Mteja akiniuliza kitu nilimjibu huku naangalia tairi. Fundi aliyenifundisha, mzee wa kabila la Wakonzo ambaye sote tulimwita Muzee, hakuona ubaya. Alisema tairi nayo haipendi kelele.

Yeye alipima upepo kwa nyundo. Aligonga mara tatu, akainamisha kichwa, akasema, "Hii inataka kidogo." Ukileta kipimo kinasema vilevile. Alinifundisha kwamba tairi iliyoshiba inairudisha nyundo mkononi, na yenye njaa inaimeza. Mwaka wangu wa kwanza niligonga tu, sikushika kitu kingine.

Halafu ikaja pikapu ya Haji.

Haji alikuwa mfanyabiashara wa Kasese. Alipeleka Kongo samaki wakavu na sabuni, akarudisha kahawa na mawese. Pikapu hiyo aliinunua kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao. Chini ya bodi palikuwa na pampu ndogo ya umeme, na kutoka kwenye pampu mabomba manne ya mpira, kila moja likienda kwenye gurudumu lake. Juu ya kila valvu palikuwa na kofia nene kama kidole gumba, na kofia hizo ndizo zilizoiambia simu kila gurudumu lina upepo kiasi gani. Simu yenyewe ilibandikwa karibu na usukani. Unaigusa kwenye picha ya matope, magurudumu yanapunguza upepo. Unaigusa kwenye picha ya barabara, yanajaza. Na likipungua moja njiani, mashine inaliongezea bila mtu kushuka.

Haji hakuiweza kwa sababu ya macho. Dereva wake, ambaye alikulia upande wa Kongo na watu wakamwita Shofere, alisoma Kifaransa kidogo, na programu ile ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilisoma Kiingereza polepole, kwa kidole, lakini nilisoma. Siku ya kwanza niliketi ndani ya pikapu kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri nikibonyeza na kurudi nyuma, nikibonyeza na kurudi nyuma. Nilipotoka nilikuwa nimeielewa. Kuanzia hapo watu wakawa wanakuja bandani kuniuliza mimi, si Muzee. Nilijifanya sioni, lakini niliona. Nilipenda.

Siku Haji alipomkabidhi Shofere funguo, alizikabidhi mbele yetu.

"Usukani huu ni wako mpaka siku utakayouharibu," alisema akimnyooshea kidole. "Ukiuharibu unarudi kwenye baiskeli. Umesikia?"

Tuliijua baiskeli yenyewe. Shofere alikuwa ameisukuma miaka minane akivuka daraja na mikungu ya matoke na magunia ya chumvi, bila kuipanda, kwa sababu mzigo ulijaa mpaka kwenye kiti. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko la pili.

"Haji, ile baiskeli nilishaifunga kamba juu ya nyumba," akajibu. "Iko inalala kama popo. Musiiamushe."

Tukacheka wote. Haji naye alicheka, lakini kidole hakukishusha.

Kofia zile nne zilifanana kama mayai, lakini simu ilizijua moja moja: hii ya mbele kushoto, hii ya mbele kulia, na za nyuma hivyohivyo. Mtu akizichanganya, simu inasoma gurudumu jingine. Kwa hiyo mke wa Haji alichukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akaweka nukta. Nukta moja mbele kushoto, mbili mbele kulia, tatu nyuma kushoto, nne nyuma kulia. Kila tulipoivua pikapu viatu nilitoa kofia zote na kuzihamishia kwenye tairi za matope. Ikirudi nilizitoa tena. Ilikuwa kazi yangu peke yangu. Muzee hakuzigusa. Alisema mikono yake ni minene mno kwa vitu vya namna hiyo.

Siku ninayoiandika, Muzee alikuwa amekwenda kuzika kule Kitswamba. Kabla hajaondoka alinipa nyundo mkononi, kama mtu anayekabidhi mtoto. "Gonga kwanza," alisema. "Simu baadaye."

Pikapu ilirudi kutoka Kongo imejaa kahawa. Pipa la mawese lilikuwa limepasuka huko njiani, na sehemu yote ya nyuma ilikuwa na mafuta yaliyoshikana na udongo. Kofia za nyuma hazikuonekana rangi. Nilizifuta kwa kitambaa, hazikutakata. Pale bandani tulikuwa na chupa ya dawa ya kuyeyushia rangi, ambayo fundi rangi jirani yetu aliiacha. Nikamimina kidogo kwenye kopo la maziwa, nikazitumbukiza kofia mbili za nyuma, nikatikisa. Zikatoka safi. Safi kabisa, hazina nukta hata moja.

Nilisimama na kofia mbili kiganjani. Ningeweza kuziweka tu, nikabonyeza valvu moja na kutazama ni namba gani inayoshuka kwenye simu. Ni kazi ya kunywa kikombe cha chai. Lakini Shofere alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja kutoka mlimani, na wapakiaji watatu wamekaa juu ya magunia wakinitazama. Niliona haya kujulikana kwamba nimefuta nukta za mke wa Haji. Nikachagua. Hii kushoto, hii kulia. Nilijiambia kwamba ile niliyoshika kwa mkono wa kushoto ndiyo niliyoitoa kushoto, na nilijua wakati uleule kwamba sikumbuki.

Nyundo ilikuwa kwenye benchi. Mmoja wa wapakiaji aliiona, akasema, "Siku hizi bado munagonga? Pikapu ya simu munagonga kama mulango?" Wakacheka. Sikuigusa.

Wapakiaji waliposhuka kwenda zao, Shofere aliizungusha pikapu uwanjani, akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Peti," aliniita, maana ndivyo alivyoniita, mdogo. "Nyuma kulia kuko chini. Mi nasikia na kiti."

Nilikwenda nikaangalia simu. Nyuma kulia ilionyesha sawa. Nyuma kushoto ndiyo iliyoonyesha kupungua kidogo, na pampu ilikuwa imekwisha kuanza kuvuma ikiijaza.

"Simu inasema kulia kuko sawa," nilimwambia. "Ni kushoto, na inajijaza yenyewe."

"Basi kiti yangu iko inanidanganya."

"Simu inasema hivyo."

Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu. "Wewe njo daktari," alisema, yaani ndiye, akaondoka.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na hakika. Nilisimama pale mpaka pikapu ikapotea kwenye kona, na mkono wangu ulikuwa bado unanuka ile dawa.

Kilichotokea njiani nilikielewa baadaye, na sasa naweza kukieleza kwa maneno machache. Kofia za nyuma nilikuwa nimezibadilisha. Gurudumu la kulia lilikuwa na msumari na likivuja, lakini kofia yake iliiambia simu kwamba linalovuja ni la kushoto. Kwa hiyo mashine ikawa inalijaza la kushoto ambalo limeshiba. La kushoto lilipozidi, simu ikadhani lililozidi ni la kulia, ikalifungulia la kulia litoe. Mwenye njaa akanyang'anywa, aliyeshiba akalishwa, njia nzima. Kabla ya kufika Muhokya, kwenye kona, gurudumu la kulia likawa limelala kabisa. Tairi ilichanika, pikapu ikateleza, ikaingia mtaroni ikilalia ubavu. Magunia ya kahawa yalimwagika kwenye maji ya mvua. Shofere alitoka kwa dirisha na bega limetoka mahali pake, lile lile lililokuwa chini.

Kesho yake nilipelekwa Kasese kwenye ua wa ghala la Haji. Pikapu ilikuwa imevutwa hapo, ikawekewa gurudumu la akiba na kofia ileile. Shofere alikaa juu ya tofali, mkono umefungwa na leso shingoni. Haji alikuwa amesimama na simu ya gari mkononi, kioo chake kimepasuka pembeni.

"Wewe ndiye unaielewa," aliniambia. "Tafuta ugonjwa. Nataka kujua ni mashine au ni mtu."

Nilianza kama nilivyojua. Nilitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Nilipaka maji ya sabuni kwenye mabomba yote manne, hayakutoa povu. Niliwasha simu, ikaungana na pampu bila tabu. Halafu nikainama nyuma kulia, nikabonyeza valvu kwa kucha, upepo ukatoka ukilia, nami nikatazama simu niliyoiweka chini karibu na goti. Namba ya nyuma kushoto ikashuka.

Nilibonyeza tena. Ikashuka tena, ileile.

Nilibaki nimechuchumaa. Nyuma yangu niliwasikia wakizungumza.

"Ulikuwa unachezea simu njiani," Haji alisema. "Unapiga miziki yako humo, kila mtu anajua."

"Muziki nilipiga, sikatai. Lakini mashini sikugusa, Haji. Nilisikia pine ya kulia iko chini tangu Bwera. Nikauliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Uliza huyu."

Kofia mbili zilikuwa mkononi mwangu. Nilikwisha kuzitoa kama mtu anayetaka kuzifuta. Nikaiweka ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, nikazikaza, na hakuna aliyeona. Kazi ya kunywa kikombe cha chai.

"Kijana," Haji aliita. "Ni kweli alikuuliza?"

Niligeuka. Shofere alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote. Alinitazama kama mtu anayengojea kupokea kitu chake.

"Simu iko sawa, Haji," nilisema.

Sikuwa nimeulizwa hilo. Haji hakuona, au aliona kwamba jibu limetosha. Alichukua simu, akaniambia nimwonyeshe, nami nikamwonyesha: bonyeza kulia, inashuka kulia, bonyeza kushoto, inashuka kushoto. Kila kitu kilifanya kazi vizuri.

"Basi si mashine," Haji alisema taratibu. "Wallahi nilitaka iwe mashine."

Alinyoosha mkono, na Shofere akatoa funguo mfukoni kwa mkono ule mzima. Ilimchukua muda kwa sababu zilikuwa mfuko wa upande wa pili. Alipopita karibu nami alinigusa begani, akasema, "Peti, asante kwa kujaribu." Alidhani nilikuwa nimetafuta kosa ili nimwokoe na sikulipata.

Muzee aliporudi kutoka Kitswamba habari zilikwisha kumfikia. Alikaa kwenye benchi, akaishika nyundo, akaiangalia.

"Uligonga kabla haijaondoka?"

"Niligonga, Muzee."

Akatikisa kichwa, akaiweka chini. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Bega la Shofere lilipopona, akaishusha baiskeli. Pikapu ilipewa mtoto wa dada yake Haji, kijana mpole asiyepiga muziki. Kila siku ya soko Shofere alisimama bandani kwetu kabla ya kushuka darajani, na mimi ndiye niliyemjazia tairi. Nilizijaza kwa uangalifu kuliko tairi za mtu yeyote. Nilizibonyeza kwa kidole gumba, nikakagua valvu, nikasafisha mnyororo bila kuombwa.

"Huyu mutoto ananipenda," alimwambia Muzee. "Wengine bote waliniacha, yeye anapakaa mafuta hata kengele. Na kengele sina!"

Muzee alicheka. Mimi niliinama kwenye gurudumu. Mara nyingine alikaa kidogo akaniuliza habari za pikapu, kama mtu anayeulizia ng'ombe aliyemuuza. Je, bado inavuma ikijaza? Mtoto wa dada anajua kwamba gia ya pili inataka kubembelezwa? Nilimjibu kila swali. Kila mara nilipoinua kichwa niseme, nilisema jambo lingine. Siku moja nilimwambia mvua itanyesha, na jua lilikuwa kali.

Kwa kuwa mdomo ulinishinda, niliamua kuandika. Nilinunua daftari, nikaandika bandani wakati wateja wamepungua. Mimi huandika kama mtu anayepanda mahindi, shimo moja moja. Barua ile ilinichukua siku nne na kurasa sita zilizochanwa, na ilipokwisha ilikuwa hivi tu:

"Haji. Kofia za nyuma nilizibadilisha mimi. Nilifuta nukta na nikaona aibu kusema. Shofere aliniambia kulia kuko chini nikamkatalia. Sikugonga na nyundo. Pale kwako nilizirudisha mahali pake wakati mnaongea. Simu haikuwa sawa."

Nilimpa Haji alipokuja Bwera kupokea mzigo. Hakuwa na miwani. Alinirudishia.

"Nisomee."

Sikuweza. Akanitazama usoni, na nadhani aliona kitu, kwa sababu alituma mtu sokoni kumwita Shofere. Sikujua atamwita. Shofere alikuja akisukuma baiskeli na mikungu yake, akaiegemeza kwenye nguzo. Muzee aliacha kazi. Wakasimama watatu mbele yangu.

"Sasa soma," Haji alisema.

Nilisoma kwa kidole. Kwenye mstari wa kwanza Shofere alikuwa bado anatabasamu, maana hakujua habari inakwenda wapi. "Peti," alisema, "kwa mwendo huu mpaka darajani tutafika mwaka kesho." Nikaendelea. Nilipofika kwenye nyundo nilimsikia Muzee akivuta pumzi. Nilipofika mwisho nilikunja karatasi.

Haji ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia Shofere kwamba amemdhulumu, na kwamba anaomba radhi mbele ya watu. Kisha alisugua paji la uso. Usukani, alisema, ameshampa mtoto wa dada yake, na kijana hana kosa. Atamwondoa kwa sababu gani? Lakini kuna nafasi ya kupakia, kuna nafasi ghalani, Shofere achague.

"Hapana, Haji," Shofere alisema. "Asante. Ulisema nikiuharibu narudi kwa baiskeli. Nimesharudi. Bega imeshazoea."

"Ndugu yangu, hukuuharibu wewe."

"Njo maana. Kama ningeuharibu mimi, ningeomba."

Nilidhani atanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, ningepokea. Aliniangalia kama unavyoangalia mtu mnayefanana naye jina. Kisha akashika baiskeli yake.

Tairi ya nyuma ilikuwa imelegea. Niliona nilipoinua macho, hata kabla hajaisukuma. Pampu ilikuwa miguuni pangu. Nikaishika.

Shofere alivuka barabara. Upande wa pili alikaa mama mmoja aliyeuza petroli kwa chupa, na alikuwa na pampu ya mkono iliyokuwa inavuja kwenye shingo. Sote tulijua inavuja. Aliiomba, akainama, akapiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia haukuweza kushuka mpaka chini. Alipiga muda mrefu. Kisha akamshukuru mama, akavuka tena na kupita mbele ya banda.

"Muzee, kazi njema," alisema.

"Wasingya," Muzee akamjibu kwa Kikonzo, akimshukuru.

Akashuka kuelekea darajani. Palikuwa na kokoto kidogo pale mbele yetu, na nilisikia baiskeli ikizipita. Sikuhitaji nyundo. Tairi ya nyuma ilikuwa bado inataka kidogo.